Ka-aper: mtu wa mkuyu kutoka Saqqara

Mwaka 1860, vibarua waliokuwa wakichimba makaburi ya kale huko Saqqara, Misri, chini ya Auguste Mariette, mwanaakiolojia Mfaransa, walifukua sanamu ya mti ya mwanamume mnene mwenye kipara. Wakaona amefanana mno na mkuu wa kijiji chao, wakamwita Sheikh el-Balad. Zanzibar tungesema sheha. Jina hilo limemganda hadi leo. Mwenyewe aliitwa Ka-aper, kuhani aliyesoma dua za ibada miaka ipatayo 4,500 iliyopita.

Amechongwa kwa mkuyu, mkuyu huuhuu unaoota kandokando ya mito yetu. Misri ilikuwa na uhaba wa magogo marefu yaliyonyooka, hata mierezi ikaagizwa kutoka Lebanoni. Kwa hiyo fundi aliunga. Mikono aliichonga kando, wa kushoto kwa vipande viwili, akaichomeka begani kwa ulimi na tundu kama seremala anavyounga mguu wa kiti. Kisha akapaka plasta nyembamba na rangi ili maungio yasionekane. Plasta hiyo imebanduka karibu yote, nasi tumebahatika kuiona kazi yenyewe.

Tafadhali usiupite mkono huo haraka. Mchonga mawe, kwa kuogopa kuvunja, mara nyingi aliacha jiwe kati ya mkono na kiwiliwili, na nguzo mgongoni. Ka-aper hana nguzo. Anapiga hatua, mkono wa kushoto uko mbele umeshika fimbo, na hewa inapita kotekote.

Halafu macho. Kope ni ukingo wa shaba, kama mtu aliyepaka wanja. Ndani mna jiwe jeupe, na mboni ni fuwele angavu iliyosuguliwa ikang'aa. Mwanga huingia humo na kurudi, ndiyo maana mtazamaji huhisi anaangaliwa.

Uhai huo ulikuwa na kazi. Wamisri waliamini kwamba ka, nguvu ya uhai ya marehemu, ingeweza kukaa ndani ya sanamu na kupokea sadaka kaburini, hata mwili ukiharibika. Kitambi na mashavu yaliyojaa vilimtangaza mtu aliyeshiba, mwenye cheo.

Leo yuko katika Makumbusho ya Misri, Cairo, akiwa na kimo cha sentimita 112 hivi. Sehemu ya chini ya miguu imetengenezwa upya, na fimbo pia ni mpya. Uso ni uleule waliouona wale vibarua.