Mzio wa viroboto kwa paka ni nini?

Ukimpapasa paka mgongoni ukakutana na vichembe vikavu vinavyokwaruza vidole kama punje za mchanga, hasa kiunoni karibu na mkia au shingoni, huenda ana mzio wa viroboto. Kinachomtesa ni mate ambayo kiroboto huyaacha kwenye ngozi anapofyonza damu. Kwa paka mwenye mzio, mate hayo huleta mwasho usio na kiasi na vipele vidogo vinavyokauka na kufanya magaga. Viroboto wachache tu wanatosha kumfanya ajilambe mpaka tumbo na mapaja yabaki bila manyoya.

Wenye paka wengi hubisha hapa: mbona sijaona kiroboto hata mmoja? Hutamwona kirahisi, maana paka anayewashwa hushinda akijilamba na huwameza (na njia hiyo hiyo humletea minyoo aina ya tegu). Tafuta kinyesi chao. Mchane kwa kitana cha meno yaliyobanana, kisha kung'utia vumbi jeusi linalotoka juu ya karatasi ya shashi iliyolowa. Likiacha doa la wekundu wa kahawia, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto, na ubishi umekwisha. Vumbi la kawaida halibadiliki rangi.

Kumpaka mafuta au kumwogesha kila siku ni kujichosha bure viroboto wakiwa bado wapo. Dawa ya matone ya shingoni inafaa, mradi iwe ya paka na ilingane na uzito wake. Ya mbwa usiiguse: nyingi zina pemethrini, sumu ya kuua wadudu ambayo inaweza kumuua paka. Watibu wanyama wote wa nyumbani siku moja, ufue matandiko yao kwa maji ya moto na kusafisha mazulia, kwa sababu mayai hudondoka humo, na pupa (viroboto wachanga walio ndani ya vifuko vyao) wanaweza kujificha kwa miezi kabla ya kutoka wakiwa viroboto kamili. Kwa hiyo dawa huendelezwa angalau miezi 3, hata ngozi ikishapona.

Si kila mwasho ni viroboto. Kipara cha mviringo chenye magamba huweza kuwa fangasi, na huo huambukiza watu. Hicho, pamoja na kidonda chenye usaha, mpelekee daktari wa mifugo.