Muhuri wa wakili: unathibitisha nini, na nani ana haki ya kuugonga

Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, steshenari za Moshi mjini hufurika vijana na wazazi wao. Wanachapa fomu, wanatoa kopi za vyeti, kisha linakuja swali: "Wakili wa kugonga muhuri anapatikana wapi?" Mara nyingi anayeulizwa huchukua bahasha, hupotea nayo dakika chache, na karatasi hurudi zimeshagongwa. Mwombaji hajamwona wakili, wala wakili hajamwona mwombaji. Mzazi analipa, anashukuru, anaondoka akiamini mambo yamekamilika.

Sisi tunaotoa msaada wa kisheria hapa Kilimanjaro hukutana na karatasi hizo baadaye, zikiwa zimeshakataliwa na ofisi fulani au zimezua kesi. Ndiyo maana napenda tuelewane vizuri kuhusu muhuri huo, kwa kuwa watu wengi wanaupa nguvu usiyokuwa nayo, na wanaipuuza ile ulio nayo.

Kwa Tanzania Bara, kazi hii inaongozwa na Sheria ya Manotari na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12. Wakili mmoja kwa kawaida hubeba kofia zote mbili. Akiwa kamishna wa viapo, anamwapisha mtu anayetoa hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi anayoyaapia kuwa ni kweli, au tamko la kisheria. Akiwa notari, anashuhudia sahihi kwenye mikataba na hati nyingine, anathibitisha kwamba kopi inalingana na cheti halisi, na anaandaa nyaraka zitakazotumika nje ya nchi. Katika kazi zote hizo, anachokithibitisha ni tukio lililotokea mbele ya macho yake. Kama hakuna kilichotokea mbele yake, hakuna alichothibitisha, hata wino uwe mwekundu namna gani.

Tazama sehemu ya mwisho ya hati yoyote ya kiapo. Pale pameandikwa kwamba kiapo kimetolewa mahali fulani, tarehe fulani, na mtu ambaye kamishna anamfahamu yeye mwenyewe, au ametambulishwa kwake na mtu mwingine ambaye kamishna anamfahamu. Maneno hayo hayakuwekwa kama pambo. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinamtaka kamishna aeleze kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo, na marekebisho ya mwaka 2016 yaliongeza kwamba lazima aandike na jina lake. Mahakama zetu zimewahi kuzitupa hati za viapo kwa sababu ya kasoro kwenye sehemu hiyo tu, na maombi yaliyozitegemea yakaanguka pamoja nazo. Fikiria mama aliyepigania nyumba yake mwaka mzima, ombi lake likaondolewa kwa kuwa tarehe haikujazwa.

Kwa hiyo ukifika kwa wakili, jiandae kuulizwa wewe ni nani. Nenda na kitambulisho cha NIDA au kingine kinachoaminika. Usitie sahihi nyumbani. Tia ukiwa mbele yake. Kama ni kopi ya cheti, beba cheti chenyewe, maana huwezi kuthibitisha kopi kwa kuangalia kopi nyingine. Mkristo kwa kawaida huapa, Muislamu na Mhindu huthibitisha, na asiye na dini naye ana namna yake ya kuthibitisha. Mbele ya sheria uzito ni uleule. Na kwa wazee wetu wasiojua kusoma, hati isomwe yote kwa sauti, katika lugha wanayoielewa, na ieleweke, kabla kidole gumba hakijapakwa wino. Hili nalisisitiza kwa sababu bibi wa Rombo au Kibosho akiwekewa mbele karatasi ya Kiingereza na wajukuu wanaomharakisha, hana kinga nyingine zaidi ya huyo wakili aliye mbele yake. Mkataba unaweza kuandikwa kwa Kiswahili na ukawa halali kabisa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Omba uandikiwe kwa lugha unayoielewa.

Sasa nije kwenye ardhi, maana hapa ndipo machozi mengi yanapotokea.

Mtu ananunua sehemu ya kihamba, yaani shamba la ukoo, Machame au shamba kule tambarare. Anaandikishana na muuzaji, wanakwenda mjini, wakili anashuhudia sahihi zao na kugonga muhuri. Mnunuzi anaiweka karatasi kwenye sanduku na kusema, "Nina hati ya mwanasheria." Alichonacho ni ushahidi kwamba watu wawili walikubaliana siku ile. Muhuri haukuthibitisha kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi. Haukuchunguza kama ndugu zake wana haki humo, kama marehemu baba yao aliacha mirathi isiyofunguliwa, au kama shamba hilo limeshauzwa kwa mtu mwingine. Kama ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, idhini ya halmashauri ya kijiji inahitajika, na Mahakama ya Rufani imeshatamka kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo ni batili. Mihuri kumi ya mawakili haiwezi kuziba pengo hilo. Nenda kwanza kijijini, ongea na majirani wa mipaka yote, uliza ukoo, pata idhini, ndipo uje mjini kuandikishana.

Kama ni nyumba ya ndoa, mwenza lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Wakili makini atamuita mwenza aje mwenyewe kutia sahihi. Mwanamume akija na mwanamke na kusema "huyu ndiye mke wangu", swali la wakili kuhusu kitambulisho lisichukuliwe kuwa ni dharau. Mke halisi anaweza kuwa yuko nyumbani anapika, hana habari kwamba nyumba inauzwa.

Jambo jingine linalochanganywa sana ni ushuru wa stempu. Muhuri wa wakili na ushuru wa stempu ni vitu viwili tofauti. Ushuru unalipwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwa mujibu wa Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, na mkataba usiolipiwa ushuru unaopaswa kulipwa unaweza kukataliwa kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Wengi hugundua hilo siku ya kesi.

Halafu kuna hati ya uwakilishi, ile inayompa ndugu mamlaka ya kuuza au kusimamia kiwanja kwa niaba ya mwenye mali aliye Dar es Salaam au ughaibuni. Mkoa wetu una watoto wengi walioko mbali, hivyo hati hizi ni nyingi. Kwa ardhi iliyosajiliwa, hati hiyo nayo inapelekwa kwa Msajili wa Hati. Na ifahamike wazi kwamba mamlaka hayo kwa kawaida hukoma mwenye mali anapofariki. Baba akishazikwa, karatasi aliyomwachia kaka mkubwa haimruhusu kuuza chochote. Kinachohitajika hapo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Hati za viapo za kawaida, kama za tofauti ya majina kwenye vyeti au kupotea kwa nyaraka, hazina ugumu mkubwa, ila zina hatari yake. Anayeapa ni wewe, si wakili. Eleza unachokijua mwenyewe, na kama jambo umeambiwa, sema umeambiwa na nani. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na kwa ushahidi wa uongo Kanuni ya Adhabu inafika kifungo cha miaka 7. Pia kiapo hakiwezi kuchukua nafasi ya uhakiki wa mamlaka husika: Bodi ya Mikopo ikitaka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, peleka RITA.

Nani basi ana haki ya kugonga muhuri? Hakimu anaweza kupokea kiapo, na wananchi wengi wa vijijini hutumia mahakama zilizo karibu nao. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wana kazi zao muhimu za utambulisho, lakini si makamishna wa viapo kwa vyeo hivyo. Msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 anaweza kukushauri na kukuelekeza, ila hana muhuri huu. Mhitimu wa shahada ya sheria ambaye hajaapishwa kuwa wakili naye hana, hata avae suti nzuri namna gani.

Kijana anayeitamani kazi hii ajue njia ni ndefu. Anaanza na shahada ya kwanza ya sheria. Kwa kanda yetu, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Usa River ni mojawapo ya vyuo vinavyoitoa. Baadaye anakwenda Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na iliyoko Dar es Salaam, anakojifunza kuandaa nyaraka, kuendesha kesi na maadili, pamoja na mafunzo kwa vitendo katika ofisi na mahakama. Mitihani yake ni migumu na si wote wanaofaulu kwa mara ya kwanza. Asiyefaulu asijione kuwa amekwisha. Akihitimu, anapeleka maombi kwa Jaji Mkuu, anapitia Baraza la Elimu ya Sheria, na akikubaliwa anaapishwa na jina lake kuingizwa katika orodha ya mawakili na kupewa namba. Anajiunga na Chama cha Mawakili Tanganyika na kukata leseni ya uwakili, ambayo inahuishwa kila mwaka. Cheti cha kuwa notari na kamishna wa viapo anakiomba kwa Msajili wa Mahakama Kuu akiwa tayari ni wakili. Hakuna kozi fupi ya unotari, na anayekuuzia kozi hiyo anakuibia. Zanzibar ina sheria na utaratibu wake.

Hata mwenye sifa zote hizo ana mipaka. Sheria inamkataza kupokea kiapo katika shauri ambalo yeye ni wakili wa mmoja wa wahusika, au katika jambo ambalo ana maslahi nalo. Ndiyo maana wakili wako anaweza kukuandikia hati ya kiapo kisha akakutuma ofisi ya pili ukaapie huko. Usimuone anakuzungusha, anafuata sheria na anailinda kesi yako.

Kuhusu vishoka, yaani wanaojifanya mawakili, mihuri ya kughushi ipo. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili, ambapo mtu yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama yuko kwenye orodha na kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa wakati huo. Dakika mbili tu, kabla hujatoa hela. Nenda ofisini kwake, si kwenye meza ya mpambe, na udai risiti.

Nyaraka zinazokwenda nje, mathalani za masomo au ndoa, mara nyingi haziishii kwa notari. Hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje kuthibitishwa, na pengine ubalozi wa nchi husika. Uliza kwanza huko zinakopokelewa wanataka nini, kwa sababu kila nchi ina masharti yake.

Na ukigundua kwamba wakili aligonga muhuri kwenye hati yenye sahihi yako ambayo hukuitia, usimalizane naye kwa maneno barabarani. Kaa na nakala ya hati, andika tarehe na mahali palipotajwa pale chini, pamoja na ushahidi wa mahali ulipokuwa siku hiyo. Kughushi nyaraka ni jinai, hivyo taarifa inakwenda polisi. Malalamiko ya kimaadili yanapelekwa Kamati ya Mawakili, yenye mamlaka ya kumwonya wakili, kumsimamisha au kuliondoa jina lake kwenye orodha. Kama hujui pa kuanzia, ofisi za Chama cha Mawakili za Moshi na Arusha, au dawati lolote la msaada wa kisheria, zitakuelekeza namna ya kuandika malalamiko hayo.