Kulifufua hame: wakazi kwanza, kuta baadaye

Katika Minecraft, mchezo wa video ambao dunia yake imejengwa kwa bloku za mchemraba, takribani vijiji viwili kati ya kila mia katika toleo la kompyuta liitwalo Java huzaliwa vikiwa mahame: milango haipo, mienge haipo, utando wa buibui umejaa pembeni, mawe ya kuta yameota ukungu wa kijani, na wakazi wote wamegeuka mazombi. Mimi na wenzangu watano, wengine wakiwa hapa Mwanza, wengine Musoma na Bukoba, tulikuta hame la namna hiyo lenye wakazi saba, tukaamua kulirudishia uhai. Kazi yangu ya kila siku ni upimaji wa ardhi, hivyo nilikabidhiwa ramani.

Nilianza kwa kupima. Bloku moja ni mita moja kila upande, kwa hiyo hapahitajiki utepe: unahesabu bloku, unasoma koodineti (namba zinazoonyesha mahali ulipo) kwenye skrini na kuziandika daftarini. Nilichora kila nyumba, kila dirisha na kila kitanda, kwa sababu ukuta ukishabomolewa hakuna anayekumbuka ulivyokuwa.

Kosa lililotuuma lilitokea siku ya pili. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliiezua nyumba kubwa usiku ili aiezeke upya, na ndani mlikuwa na wakazi wawili. Kulipokucha waliteketea, kwa kuwa mwili wa zombi hauhimili jua. Zombi hao ni wenyeji waliougua, na mwenyeji aliyeteketea harudi. Tangu hapo tuliweka sharti kwamba nyumba yenye mgonjwa haiguswi, hata kama paa lake linavuja nyota.

Tiba yenyewe inadai maandalizi marefu. Jicho la buibui huchachushwa kwa sukari na uyoga wa kahawia, likapikwa ndani ya chupa ya maji hadi ipatikane dawa ya udhaifu, kisha baruti huongezwa ili chupa iweze kurushwa. Mgonjwa akishamwagiwa dawa hiyo hupewa tufaha la dhahabu, ambalo ni tufaha moja lililozungukwa na vipande vinane vya dhahabu. Kisha hutetemeka kwa dakika 3 hadi 5, na muda wote huo bado anaweza kukushambulia, hivyo tulimzungushia kila mmoja uzio kabla ya kuanza. Kwa kuwa mkazi aliyepona humpunguzia bei yule aliyemponya, tuligawana wagonjwa ili manufaa yasikusanyike kwa mtu mmoja. Naona ugawaji huo ndio uliotuweka pamoja hadi mwisho.

Mwanga ulifuata. Mwenge hutoa mwanga wa daraja la 14, nao hupungua daraja moja kwa kila bloku. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021, mazombi na wenzao huzuka gizani pale tu ambapo mwanga wa mienge umefika sifuri, kwa hiyo nafasi ya bloku kumi kati ya mwenge na mwenge inatosha, mradi mapaa yasisahauliwe, maana viumbe hao huzuka hata juu ya nyumba. Mashamba hayakutusumbua: bloku moja ya maji hulowesha udongo hadi bloku nne kila upande.

Kuta zilikuja mwisho, na hapo tulibishana sana. Wapo waliotaka mawe yenye ukungu yang'olewe. Niliwakumbusha nyumba za Mabatini na Igogo, ambako wajenzi waliupisha mwamba wa matale na kuifuata njia uliyowaachia, na kwa maoni yangu ndiyo maana vilima vya Mwanza havifanani na vya mji mwingine. Tulikubaliana mawe ya zamani yabaki, na kila pengo lizibwe kwa jiwe safi, ili mgeni atambue kilichokuwapo na kilichoongezwa.

Vitanda vya wale wawili walioteketea tuliviacha mahali pake, kama vilivyo kwenye ramani yangu. Katika mchezo huu mtoto hazaliwi mpaka pawe na kitanda kisicho na mwenyewe na chakula cha kutosha. Tuliwagawia wakazi watano waliopona mikate, mitatu kwa kila mmoja, na watoto wawili wa kwanza wakalala kwenye vitanda hivyo.