Oksijeni Ikipungua, Homoni ya Damu Huongezeka: Maswali na Majibu

Mwili unajuaje kwamba oksijeni imepungua?

Kazi hiyo ni ya figo hasa. Seli zake hutengeneza protini iitwayo HIF muda wote. Oksijeni ikitosha, kimeng'enya fulani (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini) huitia alama ili ivunjwe ndani ya dakika chache. Ikipungua, kimeng'enya hulegea, HIF hujikusanya na kuwasha jeni ya erithropoietini (EPO), homoni inayouagiza uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu. Kwa ugunduzi wa mfumo huu, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Nikienda kufanya mazoezi Iten, Kenya, kama mita 2,400 juu ya bahari, damu itaongezeka lini?

EPO hupanda ndani ya saa chache na kufika kilele baada ya siku 1 hadi 2. Chembe changa huonekana siku chache baadaye, lakini ongezeko la maana huhitaji wiki 3 hadi 4. Hemoglobini (protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni) ikipanda siku ya pili, usishangilie: umepoteza maji kwa mkojo na pumzi, chembe ni zilezile.

Mbona wengine hukaa mwezi mzima bila mabadiliko?

Mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma. EPO inaagiza, malighafi hakuna. Pima feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma, kabla ya safari. Chini ya mikrogramu 30 kwa lita, akiba ni ndogo. Kula maini, dagaa, maharage, na chai isubiri angalau saa moja baada ya mlo kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa.

Vidonge vya antioksidanti, kama vitamini C, vitaongeza EPO?

Usivitegemee. Kimeng'enya kinachoiondoa HIF chenyewe hutumia vitamini C! Hata hivyo mwili unaihitaji: tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, huihifadhi kwa wingi na kuitumia kutengeneza homoni ya noradrenalini. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku, na pera moja linatosha; ukilila pamoja na maharage, chuma chake hufyonzwa vizuri zaidi. Ukizidisha miligramu 2,000 kwa siku unaweza kuharisha, na hatari ya mawe kwenye figo huongezeka.

Figo zikifeli?

EPO hupungua na chembe nyekundu za damu hupungua pia. Hospitali hutoa sindano za EPO baada ya kuhakikisha chuma kinatosha. Hemoglobini haisukumwi kupita gramu 13 kwa desilita, kwani hatari ya kiharusi na damu kuganda huongezeka. Shinikizo la damu nalo hupimwa mara kwa mara.