"Sina hela, wataniibia nini?"

Wiki hii tena. Dada mmoja kaniletea simu yake niiangalie, namwambia futa ile picha ya kitambulisho uliyomtumia dalali WhatsApp, ananijibu "kaka mimi sina hela, wataniibia nini?" Jamani! Nafanya kazi ya usalama wa mitandao na hakuna kauli inayonichosha kama hii.

Mwizi hataki hela yako, anataka jina lako. Akiwa na laini yenye NIDA yako, yaani iliyosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa hapa Tanzania, zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinatoka kwa jina lako, na polisi wakifuatilia wanaanzia kwako.

Sasa hapa ndo watu hawanielewi. Namba ya NIDA peke yake haitoshi kusajili laini, tangu 2019 lazima uweke kidole. Kidole chako wamekipata wapi? Kwa wakala pale chini ya mwavuli, anakwambia haijasoma, weka tena, unaweka, haijasoma, weka tena, unaondoka na laini moja na yeye kabaki na nyingine ya jina lako. Sio mawakala wote, na mashine kweli inagoma, hasa kwa mafundi ujenzi ambao saruji imewala vidole, kwahiyo huwezi kumwita mtu mwizi pale pale. Ndo maana nasema kabla hujaondoka piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, na kama una mitandao miwili piga kwenye yote miwili.

OTP, ile namba ya siri ya mara moja inayokuja kwa meseji, usimpe mtu, basi.

Nywila ikivuja unabadilisha. NIDA ni tarakimu 20 unazoishi nazo, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, sasa wewe PIN umeweka mwaka wa kuzaliwa, na kopi ya kitambulisho umeiacha gesti!

Mimi kopi zangu naandika juu yake "kwa ajili ya kupanga chumba tu" na tarehe. Inasaidia? Kwa kweli nina mashaka, namba bado inasomeka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022 lakini daftari la mapokezi bado liko wazi kaunta, kila mgeni anamsoma aliyemtangulia.

Yule dada tulipiga *106# pamoja. Zikaja laini nne, yeye anazijua mbili. Kesho asubuhi anaenda na kitambulisho chake duka la mtandao wenyewe, zile mbili zifungwe.