Primiamu ni nini hasa, na kwa nini bima ya gari ng'ambo inapanda na wewe hujagonga mtu

Juzi baada ya isha binamu yangu alieko Leicester, Uingereza, kanitumia voisi ya dakika saba nzima. Gari ni lilelile, nyumba ileile, miaka mitatu hajagonga hata kuku, na bima imetoka pauni 980 imefika 1,210. Anauliza, kwani nimewakosea nini hawa watu?

Mimi ni ajenti wa bima hapa Malindi, mwaka wa kumi na moja sasa, na swali hili naletewa sana. Saa zingine si dereva mwenyewe anaeuliza, ni mama yake, manake hela za mwezi zimekuja pungufu na mtoto amemwambia "mama, bima imepanda" na mama haelewi kitu gani kinapanda bila ajali. Bas nikaona niandike.

Primiamu ni zile pesa unazolipa ili hasara ikitokea ibebwe na kampuni badala yako. Si bei ya gari lako na wala si adhabu. Ni fungu lako kwenye kikoa. Watu laki moja wamechanga kwenye chungu kimoja, kampuni inakisia mwaka huu bili zote za chungu zitakua ngapi, inaongeza gharama zake na faida yake, halafu inawagawia. Na haigawi sawa kwa sawa, yule anaeonekana karibu zaidi na kuleta bili ndo anatoa kingi. Kwa hivyo primiamu inasukumwa na mikono miwili, ukubwa wa bili ya chungu na pale ulipopangwa wewe ndani yake. Binamu alikua anatazama mkono mmoja tu, wa kwake.

Ule mwingine, wa chungu, ndo uliompiga. Mfano, mwaka 2023 bima za magari Uingereza zilipanda kwa wastani kama robo nzima kulinganisha na 2022, na waliopandishiwa wengi hawakua na kosa lolote. Spea zilipanda, mafundi wakawa ghali na wachache, magari yakaibiwa sana, na haya magari mapya bampa moja ina sensa na kamera, kitu ambacho zamani unapeleka kwa fundi wa kugonga bodi anakinyoosha saa hii ni kubadilisha kizima na kuipimia kompyuta. Gari ambalo hulijui likigongwa huko Manchester, bili yake inakufikia wewe Leicester kwa njia ya chungu.

Sasa kuna kitu kinatuchanganya sisi wa huku hasa. Kenya bima kubwa, ile komprehensivu inayolipa hata gari lako mwenyewe, tunaihesabu kwa asilimia ya thamani ya gari. Mfano tu, gari la milioni moja kwa asilimia 4 ni shilingi 40,000, mwaka ujao likithaminiwa 850,000 inashuka 34,000, unaongeza zile tozo ndogondogo na stempu ya bob 40, kwisha. Kwa hivyo mtu wetu akilini mwake gari likizeeka bima inashuka. Akifika Uingereza ananunua kigari cha pauni 900, kwotesheni inakuja pauni 1,500, anapiga kelele kwamba bima inazidi gari. Ndio, na inawezekana kabisa, manake kule wanachokiogopa zaidi si gari lako, ni mtu utakaemgonga. Kwetu sheria ya thadi pati, yaani bima ya kumlipa yule unaemgonga, Cap 405, inaweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu alieumia. Kule fidia ya mtu alieumia haina kikomo, kijana akivunjika uti wa mgongo kampuni inaweza kumlipia matunzo maisha yake yote. Kigari cha pauni 900 kinaweza kuleta bili hiyo sawasawa na Mercedes. Ndo maana pia kule thadi pati saa zingine inakuja ghali kuliko komprehensivu, waliokua wanaichagua wengi walikua madereva wa hatari na makampuni yakalinoti hilo.

Halafu kuna ugeni. Hili linaniuma kidogo kusema lakini ni kweli, umeendesha Malindi hadi Mombasa miaka kumi na tano, umepita Kilifi usiku na mvua, kule unaanza sufuri. Leseni ya Kenya unaruhusiwa kuitumia miezi 12 tangu uanze kuishi kule, kisha lazima ufanye mtihani wao, haibadilishwi moja kwa moja kama ya Afrika Kusini ama Imarati. Ukishapata yao bei kawaida inashuka. Na ile bonasi ya kutoklemu, yaani punguzo la miaka uliyokaa bila kudai, makampuni mengi hayakubali ya huku. Mengine yanakubali ukileta barua, kwa hivyo kabla hujapanda ndege nenda kwa ajenti wako uandikiwe barua ya Kiingereza yenye tarehe za bima, namba ya mkataba wa bima, na kwamba hujaklemu. Nimeandika barua hizi nyingi tu na sijawahi kuona hasara ya kuwa nayo. Ukiipata bonasi ya kule ujue pia inakufa, ukirudi nyumbani ukakaa zaidi ya miaka 2 bila bima kwa jina lako wengi hawaitambui tena. Na ile ya "kulindwa" inalinda punguzo, hailindi bei, chungu kikipanda na wewe unapanda.

Hapa nawaomba ndugu zangu msikilize vizuri. Kuna mtindo wa kijana kuweka bima kwa jina la mjomba, ati mjomba ndo dereva mkuu, kumbe gari analiendesha kijana kila siku. Ama kuandika postikodi ya rafiki alieko mtaa ambao bima yake ni rahisi. Huo ni udanganyifu kisheria. Ajali ikitokea kampuni inachimba, inaifuta bima, na ukihesabika unaendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, na kwa alie ndani ya miaka 2 tangu apasi mtihani wa kule pointi 6 zinaondoka na leseni yote. Mjomba nae jina lake linaharibika. Akiba ya pauni mia tatu haifai hayo.

Yaliyobaki ni madogo. Juu ya primiamu inaongezwa kodi ya asilimia 12, kwa hivyo bima ya pauni 1,000 kabla ya kodi inabeba pauni 120 za serikali. Ukilipa kwa mwezi mara nyingi ni mkopo wenye riba. Eksesi, ile sehemu unayojilipia mwenyewe ajali ikitokea, ukiipandisha primiamu inashuka, lakini usiandike 700 kama huna 700. Na tangu Januari 2022 msimamizi wa makampuni yao ya bima, FCA, amekataza mteja wa zamani anaerinyu kulipishwa zaidi ya mteja mpya kwa kampuni ileile. Lakini kampuni ya pili inaweza kukuona tofauti kabisa, kwa hivyo uulize kwingine, na uulize mapema, wiki tatu nne kabla, anaengoja siku ya mwisho huwa anatajiwa bei ya juu.

Jana tulikaa na binamu kwa simu, yeye na laptopu yake, mimi na chai. Kwenye fomu ya bima maili za kuendesha alikua ameandika elfu kumi na mbili kwa mwaka na siku hizi kazini anaenda kwa treni, haendeshi hata elfu sita. Tukarekebisha, tukaomba kwingine, kampuni ya tatu ikatoa 1,045. Bado ni zaidi ya mwaka jana, na sasa anajua zile pauni 65 zimetoka wapi.