Kumtafuta baba wa John Bunch: dhana potofu kuhusu nasaba za Marekani ya kikoloni

Tarehe 9 Julai 1640 mahakama kuu ya koloni la Virginia iliwahukumu watumishi watatu waliokuwa wamemtoroka bwana wao, Hugh Gwyn, wakakamatwa Maryland. Wawili kati yao, Mholanzi aitwaye Victor na Mskoti James Gregory, waliongezewa mwaka mmoja wa kumtumikia bwana huyo na mitatu ya kulitumikia koloni. Wa tatu, Mwafrika aliyeandikwa kwa jina la John Punch, alihukumiwa kutumika maisha yake yote. Miaka ishirini na ushei baadaye, mwaka 1662, mtu aitwaye John Bunch anaibuka katika kaunti ya New Kent, Virginia hiyo hiyo, akipewa hati ya ardhi, na hakuna waraka unaosema baba yake alikuwa nani.

Mwezi Julai 2012 watafiti wa Ancestry, kampuni ya kutafuta nasaba, walitangaza kwamba, kwa uwezekano mkubwa, Punch ndiye aliyemzaa Bunch, na kwamba katika uzao wao yumo Barack Obama. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kumhesabia Obama Uafrika wake upande wa baba, mtu wa Kogelo. Mstari huu unapita kwa mama yake, Stanley Ann Dunham, mzaliwa wa Kansas, aliyejulikana kwa watu wote kuwa Mzungu. Habari hiyo ilipoenea, maneno "kwa uwezekano mkubwa" yaliachwa njiani na wengi, na kuachwa kwake ndiko chanzo cha dhana nyingi potofu juu ya kazi hii.

"Lazima ipo karatasi moja inayomtaja baba"

Wengi huamini kwamba mahali fulani, ndani ya kabati la hifadhi ya nyaraka, ipo karatasi inayosema fulani ni mwana wa fulani, na kwamba kazi ya mtafiti ni kuifikia tu. Kwa New England, yaani makoloni ya kaskazini, ambako miji ilianza mapema kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, mara nyingine karatasi hiyo ipo kweli. Kwa Virginia na makoloni ya kusini, mara nyingi haipo. Huko uandikishaji ulikuwa mikononi mwa parokia za Kanisa la Uingereza, na madaftari mengi ya parokia hizo yamepotea. Kumbukumbu za New Kent ziliteketea mwaka 1787, pale John Price Posey alipoitia moto ofisi ya karani wa kaunti, kosa lililomfikisha kitanzini. Kaunti nyingine zilizopeleka vitabu vyao Richmond ili visalimike na vita vya wenyewe kwa wenyewe zilivipoteza huko huko katika moto wa Aprili 1865.

Baadhi hukimbilia sensa. Sensa ya kwanza ya taifa ni ya mwaka 1790, ukoloni ukiwa umekwisha, nayo inataja jina la mkuu wa kaya pekee. Kila mtu huru alianza kuandikwa kwa jina lake mwaka 1850. Madaftari ya Virginia ya 1790 yenyewe hayapo tena.

Kinachobaki ni hati za ardhi, orodha za kodi, mashauri ya mahakama, wosia na hesabu za mali za marehemu, na katika hivyo mzazi hupatikana kwa kuwafuata watu waliomzunguka: nani alipakana naye shamba, nani alimshuhudia akitia alama yake kwenye hati, nani alimdhamini, nani alihama naye kutoka kaunti moja hadi nyingine. Mtu wa karne ya 17 hakuhama peke yake.

"Jina likilingana, mtu ni yule yule"

Hapa ndipo watafiti wengi huanguka, na wala si wanagenzi peke yao. Stephen Hopkins, mmoja wa abiria 102 wa meli ya Mayflower mwaka 1620, kwa miaka mingi alisemwa kuwa mtu wa Wotton-under-Edge, Gloucestershire, kwa sababu huko kulipatikana familia yenye mtu wa jina hilo, na hapakuwa na mtu aliyeuliza kama ipo sababu nyingine yenye uzito. Mwaka 1998 mtafiti Caleb Johnson alichapisha ugunduzi uliovunja simulizi hiyo, na njia aliyopita inafaa kutazamwa kwa karibu.

Gavana William Bradford wa Plymouth, koloni lililoanzishwa na abiria hao, aliacha orodha ya abiria, na ndani yake anasema kwamba Hopkins alikuja na watoto wawili wa mke wa kwanza, Giles na Constance. Stephen Hopkins peke yake angeweza kuwa yeyote, kwa kuwa watu wa jina hilo walikuwa wengi Uingereza nzima. Lakini Stephen aliyezaa Giles na Constance, wote katika parokia moja na katika miaka inayooana, ni nadra sana. Daftari la ubatizo la Hursley, Hampshire, lina Constance, aliyebatizwa 11 Mei 1606, na Giles, aliyebatizwa Januari ya majira ya baridi ya 1607 kuamkia 1608. Mama yao aliitwa Mary. Baba alipatikana kwa kupitia watoto. Mwaka 2004 mtafiti mwingine alipanda ngazi moja zaidi na kuonyesha ubatizo wa Stephen, mwana wa John Hopkins, huko Upper Clatford, 30 Aprili 1581, na kwa uangalifu unaostahili kuigwa akayaita matokeo yake wazazi "wanaoelekea" kuwa ndio.

Dhana ndogo iliyo jirani na hiyo inahusu tahajia: kwamba Punch na Bunch, kwa kuwa zimeandikwa tofauti, ni koo mbili. Karani wa wakati ule aliandika alichosikia, na wengi wa waliotajwa hawakujua kusoma ili wamsahihishe. Kwa hiyo herufi ya kwanza haiwatenganishi watu wawili, wala peke yake haiwaunganishi.

"Maneno ya undugu yalikuwa na maana ya leo"

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, maana anajua tangu utoto kwamba neno "ndugu" halimwambii mtu mengi mpaka aulize zaidi. Kiingereza cha makoloni kilikuwa hivyo hivyo. Neno ambalo leo ni la binamu liliweza kumtaja mpwa. Neno la mkwe liliweza kumaanisha mtoto wa kambo, hivyo mtu aliyemwita mwingine "mkwe" katika wosia huenda alikuwa amemwoa mama yake wala si kumwoza binti. Kanisani watu waliitana kaka na dada bila damu yoyote kati yao.

Viambishi vya Mkubwa na Mdogo vilivyobandikwa baada ya majina vimezaa nasaba nyingi za uongo. Mtaani kwetu tunaweza kuwa na Juma Mkubwa na Juma Mdogo ambao hata ukoo hawachangii. Tumewatofautisha kwa umri tu. Ndivyo walivyofanya makarani wa Massachusetts na Virginia. Mkubwa alipofariki au kuhama, Mdogo alipanda kuwa Mkubwa, na kijana mwingine wa jina hilo akachukua nafasi yake, kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuonekana kwenye orodha za kodi kama watu wawili.

Neno "yatima" nalo hupotosha. Sheria ya makoloni ilimhesabu yatima kuwa mtoto aliyefiwa na baba, hata kama mama yuko hai na anaishi naye, jambo ambalo kwa aliyesoma mirathi ya Kiislamu halina ugeni wowote. Mahakama ilimteulia mlezi wa mali, na mtoto aliyefikia miaka 14 aliweza kumchagua mwenyewe. Anayesoma neno hilo na kuandika kwenye mti wa ukoo kwamba mama alikwisha kufa anamzika mwanamke ambaye pengine aliolewa tena mwaka uliofuata na yuko kwenye ukurasa wa pili wa kitabu kile kile, chini ya jina la mume mpya.

"Asiyetajwa kwenye wosia si mtoto wa marehemu"

Wosia uligawa kilichobaki siku ya kuandikwa. Binti aliyekwisha kupewa fungu lake alipoolewa na mwana aliyekwisha kukatiwa shamba wangeweza wasitajwe kabisa, au wakaachiwa shilingi moja, ambayo wasomaji wa leo huifanya ushahidi wa ugomvi mkubwa. Virginia ilikuwa na jambo la ziada: mpaka sheria ya 1785 ilipobadili utaratibu, ardhi ya mtu aliyekufa bila wosia ilimwendea mwana wa kwanza moja kwa moja. Mrithi wa namna hiyo hakuhitaji karatasi. Dalili yake hutokea miaka mingi baadaye, anapouza shamba ambalo hakuna hati inayoonyesha kuwa alilinunua.

"Tarehe ni tarehe"

Mpaka mwaka 1752 makoloni ya Uingereza yalianza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Wanandoa waliofunga ndoa Aprili 1720 na kubatiza mtoto Februari 1720 hawakuzaa kabla ya ndoa; Februari hiyo ilikuja miezi kumi baada ya Aprili. Ndiyo sababu kuzaliwa kwa George Washington kuliandikwa 11 Februari 1731/2 na leo hutajwa kuwa 22 Februari 1732, siku kumi na moja zikiwa zimeongezwa na marekebisho ambayo mwaka 1752 yaliwapeleka watu kutoka Septemba 2 hadi Septemba 14 kwa usiku mmoja.

"Limo kitabuni"

Kuchapishwa si kuthibitishwa. Gustave Anjou, mzaliwa wa Uswidi aliyeishi Staten Island hadi kifo chake mwaka 1942, aliwauzia Wamarekani matajiri nasaba walizotamani kuwa nazo, akichanganya nyaraka halisi na wosia na kumbukumbu za parokia alizozitunga mwenyewe. Kazi zake zilinakiliwa vitabuni, na kutoka vitabuni zikahamia kwenye miti ya ukoo ya intaneti, ambako watu mia wanaokubaliana mara nyingi ni mtu mmoja aliyenakiliwa mara mia.

"Kipimo cha vinasaba kitamtaja"

Kipimo cha kawaida, kile cha mate ndani ya kichupa, huchoka upesi kadiri vizazi vinavyorudi nyuma. Katika kizazi cha kumi mtu ana nafasi 1,024 za mababu, na sehemu kubwa yao hawakumwachia hata kipande cha vinasaba. Kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, hufika mbali zaidi, ila hutaja mstari wala haimtaji mtu.

Mfano maarufu ni wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Jefferson hakuacha mstari wa wana wa kiume wa ndoa, kwa hiyo uchunguzi uliochapishwa Novemba 1998 ulitumia uzao wa baba yake mdogo au mkubwa kwa hesabu ya Kiswahili, yaani Field Jefferson, kaka wa baba. Kromosomu hiyo ililingana na ya mzao wa Eston Hemings, mwana wa Sally, kwa mstari wa kiume, ikawaondoa wapwa wa Jefferson wa ukoo wa Carr, waliokuwa wakitajwa na familia kwa miaka mingi, na haikulingana na uzao wa Thomas Woodson, ambao nao ulikuwa na simulizi ya kutoka kwa Jefferson. Lakini ulinganifu huo ungeweza kumhusu pia mdogo wake Thomas, Randolph. Kilichoipeleka hoja kwa Thomas mwenyewe ni kalenda: kumbukumbu zinaonyesha kwamba alikuwa nyumbani kwake Monticello wakati Sally aliposhika kila mimba.

Kwa ukoo wa Bunch hali ilikuwa hiyo hiyo. Obama hana kromosomu ya Bunch, maana alifikiwa kwa upande wa mama, hivyo ilibidi wapimwe wanaume wengine wa ukoo huo, na matokeo yao yakaelekeza Afrika, kusini mwa Sahara. Hilo lilithibitisha kwamba baba wa mbali alikuwa Mwafrika. Jina Punch halikutoka maabara. Lilitoka kwenye hukumu ya 1640 na kwenye uchache wa Waafrika waliokuwamo Virginia wakati huo.

"Waafrika wa makoloni hawakuacha maandishi"

Waliacha, ingawa maandishi yenyewe mara nyingi ni ya kuwaumiza. Desemba 1662 Virginia iliamua kwamba mtoto afuate hadhi ya mama, awe huru au mtumwa. Sheria ya 1691 ikamtoza faini mwanamke Mzungu aliyezaa na Mwafrika, na mtoto akafungwa katika utumishi na wazee wa parokia mpaka afikishe miaka 30, ambayo mwaka 1705 iliongezwa ikawa 31. Ukatili huo ulizalisha mashauri na mikataba, na kwa kuyapekua hayo mtafiti Paul Heinegg aliweza kuonyesha kwamba familia nyingi za Waafrika huru wa Virginia na North Carolina zilitokana na akina mama Wazungu, wengi wao watumishi wa mkataba. Katika familia hizo jina la mama ndilo linalopatikana, na la baba ndilo la kutafutwa.

Ukoo wa Bunch nao una ukurasa wake. Mwaka 1705 John Bunch wa kizazi cha baadaye na Sarah Slayden, mwanamke Mzungu, walipeleka malalamiko mbele ya baraza la gavana kwa sababu mchungaji wa parokia ya Blisland amekataa kuwatangazia ndoa. Sheria ilikataza ndoa kati ya Mzungu na chotara, na swali lililowashinda wajumbe hata wakalipeleka kwa mwanasheria mkuu lilikuwa kama mtu aliyezaliwa na Mzungu na chotara naye ahesabiwe chotara. Kabla mwaka huo haujaisha bunge la koloni liliweka kipimo: mtoto, mjukuu na kitukuu cha Mwafrika, wote ni machotara. Malalamiko ya watu wawili waliotaka kuoana ndiyo yanayomwonyesha mtafiti wa leo kwamba babu fulani wa Bunch, vizazi vichache nyuma, alikuwa Mwafrika. Jina la babu huyo halikuulizwa barazani siku ile, na karani hakuliandika.